Kustahimili Ukame Hufundishwa: Hotuba Kuhusu Kupanda Oleanda Bustanini

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wapenda bustani. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, na pale ambapo maelezo yalitegemea picha nimejaribu kuzifidia kwa maneno.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na nyote mliokuja kwa sababu mnapenda kuona mmea ukinawiri mikononi mwenu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Niliombwa nizungumzie kichaka kinachobaki na majani mabichi mwaka mzima, kinachochanua wakati jua ni kali, na kisichodai maji kila siku. Vichaka vya namna hiyo viko vingi. Nimechagua kimoja tu, oleanda, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Nerium oleander, kwa sababu naamini mtu akikielewa hiki vizuri ataelewa namna ya kuvilea vingi vya aina yake. Watu wamekipanda kwa muda mrefu sana. Katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79, kuta za nyumba zilichorwa bustani, na oleanda ni miongoni mwa mimea inayoonekana wazi katika michoro hiyo. Ni kichaka kinachoweza kufika mita 2 hadi 6, chenye majani membamba marefu yanayotoka matatu matatu mahali pamoja kwenye tawi, na maua ya rangi nyeupe, waridi, nyekundu, au ya manjano hafifu.

Lakini kabla sijaenda mbali, naomba niwaulize swali. Tunaposema kwamba mmea unastahimili ukame, tunamaanisha nini hasa? Je, tunamaanisha kwamba hauhitaji maji? Wengi wetu tunalisikia hivyo, na kwa kulisikia hivyo tunaua miche mingi. Mche tulioununua kitaluni tunauchomeka ardhini, tunaumwagia maji siku ya kwanza, kisha tunauacha kwa kuwa tumeambiwa unastahimili ukame. Baada ya majuma machache majani yanakauka kuanzia ncha, na sisi tunasema tumedanganywa. Hatukudanganywa. Mche ule ulikuwa na uwezo wa kustahimili ukame, lakini hakuna aliyeufundisha.

Tazameni jani la oleanda. Upande wa juu limefunikwa kwa nta, na chini ya nta hiyo kuna safu zaidi ya moja za seli za ngozi, mahali ambapo mimea mingi ina safu moja tu. Vitundu ambavyo jani hupumulia, ambavyo ndiyo milango ambayo maji hutokea, haviko wazi juani. Viko upande wa chini, ndani ya vishimo vidogo, na kila kishimo kimejaa vinyweleo. Upepo mkavu ukipita chini ya jani hukuta mdomo wa kishimo umezibwa na vinyweleo hivyo, na hewa yenye unyevu inabaki imetulia mle ndani. Kwa hiyo jani linaendelea kupumua huku likipoteza maji kidogo sana.

Mtu akiliona jani la namna hiyo atasema huu ni mmea wa jangwani. Hapana, ndugu zangu. Oleanda ya porini ni mmea wa mabonde ya mito. Katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na kuelekea mashariki hadi bara la Asia, huota kwenye mikondo ya mito inayojaa maji kwa msimu mfupi na kubaki mawe na mchanga miezi mingine yote. Msafiri anayepita katika bonde kavu la Afrika Kaskazini wakati wa kiangazi huona mstari wa vichaka vya kijani vilivyojaa maua ya rangi ya waridi, vikifuata mapindo ya bonde, wakati vilima vya pande zote mbili vimeungua. Maji hayaonekani popote. Yako chini, na mizizi ya vichaka vile imeyafuata huko.

Sasa jambo langu kubwa la kwanza liko hapo. Oleanda hustahimili ukame kwa vitu viwili: jani linalobana matumizi, na mzizi ulioshuka. Jani mnalipata bure, kwa kuwa mche huzaliwa nalo. Mzizi ulioshuka haupatikani bure. Mzizi hushuka pale tu ambapo kuna unyevu wa kuufuata, na anayeuweka unyevu huo kule chini ni wewe mtunza bustani, katika kiangazi cha kwanza na cha pili.

Niliwahi kuitwa na jirani mmoja aliyekuwa akihamisha oleanda yake ili apitishe njia. Alikuwa mwaminifu kwa kichaka chake. Kila jioni alikinyunyizia maji kidogo, bila kukosa. Tulipochimba tulikuta mizizi yote imetandaa juu juu, imejazana katika tabaka jembamba la udongo ambalo maji yale ya jioni yaliweza kulilowesha, na chini yake udongo ni mkavu kabisa. Akisafiri kwa muda mfupi tu, kichaka kile kilinyauka. Upande wa pili wa uzio, kwa jirani mwingine, palikuwa na oleanda iliyotokana na mmea mama ule ule, ambayo ililoweshwa kwa nadra lakini kwa kina, na haikuwahi kutetereka. Ni yupi kati ya hao wawili aliyempenda mmea wake zaidi? Wote walipenda. Lakini mmoja aliufundisha mzizi kubaki juu, na mwingine aliufundisha kushuka.

Basi fanyeni hivi. Chimbeni shimo lenye upana mara mbili ya donge la mizizi, lakini lisizidi kina cha donge hilo, ili mche usizame baadaye. Lijazeni maji kabla ya kupanda na mtazame: kama maji bado yamesimama siku ya pili, udongo huo hautoi maji vizuri, na ni afadhali mpande juu ya tuta. Rudishieni udongo ule ule uliotoka shimoni. Najua wengi tunapenda kujaza shimo kwa mboji na samadi tukidhani tunautendea wema mche, lakini shimo lililojaa utamu huufanya mzizi uzunguke humo humo bila sababu ya kutoka. Mboji itandazeni juu. Tengenezeni kisahani cha udongo kuzunguka mche, kisha kwa msimu wa kwanza mwageni ndoo ya lita 20 polepole, ikinywewa hadi chini, mara moja kwa juma katika udongo wa kawaida, na mara mbili ikiwa ni mchanga mtupu na jua ni kali. Kabla ya kumwaga tena, chomekeni kijiti kiingie kiasi cha sentimita 10. Kikitoka na udongo mbichi, subirini. Wekeni matandazo ya majani makavu au maganda ya miti yenye unene wa sentimita 5 hadi 8, ila yasiguse shina. Mwaka wa pili ongezeni nafasi kati ya mwagilio mmoja na mwingine. Mwaka wa tatu, katika sehemu nyingi, mvua itatosha, na mtakuwa mkimwagilia pale tu kiangazi kinapopitiliza.

Nasisitiza jua. Oleanda inataka jua la siku nzima au karibu na hapo. Kivulini haifi, lakini hurefuka, hulegea, na hutoa majani bila maua. Mtu atakayeniuliza kwa nini oleanda yake haichanui, nitamjibu kwa swali: jua linaifikia saa ngapi, na linaondoka saa ngapi?

Ndugu zangu, jambo langu la pili linahusu ardhi ngumu. Wapo kati yetu wenye viwanja vyenye chumvi, au vilivyo karibu na bahari, au vya mchanga usioshika kitu, ambao wameshakata tamaa ya kuwa na bustani. Kwa hao nina kisa cha Galveston, mji ulioko kwenye kisiwa chembamba cha mchanga katika jimbo la Texas, Marekani. Mwaka 1841 mfanyabiashara aliyeitwa Joseph Osterman alileta oleanda kutoka Jamaika ndani ya mapipa, na watu wakaanza kupeana vipandikizi nyumba kwa nyumba. Kisha, tarehe 8 Septemba mwaka 1900, kimbunga kiliufunika mji huo na maelfu ya watu wakafa. Waliobaki waliamua kujenga ukuta wa kuzuia bahari na kuuinua mji wenyewe, kwa kusukuma mchanga uliochotwa baharini na kuumwaga chini ya nyumba na barabara. Mimea iliyokuwapo ilifukiwa chini ya mchanga huo wa chumvi. Kina mama wa mji waliunda umoja wao mwaka 1901, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuurudishia mji kijani. Walipanda miti na vichaka vingi, na oleanda ndiyo iliyouvaa mji hadi leo, kiasi kwamba Galveston huitwa mji wa oleanda.

Naomba tuelewane hapa. Sisemi kwamba udongo mbovu ni mzuri kwa oleanda. Nasema kwamba oleanda itaishi katika udongo ambao waridi lingekataa, iwe udongo una chokaa, una chumvi kiasi, au ni mchanga. Na nitaongeza neno ambalo nalijua kwa macho yangu: udongo mnono kupita kiasi, wenye mbolea nyingi ya chumvichumvi, huiharibu oleanda kuliko umaskini. Hutoa machipukizi laini, marefu, yenye maji mengi, na vidukari huyakimbilia. Mboji kidogo mara moja kwa mwaka inatosha.

Nimetaja vidukari, basi nipite hapo kwa haraka. Vidukari wa oleanda ni wa manjano ya kung'aa wenye miguu myeusi, na hujazana kwenye ncha changa. Wapulizieni maji kwa nguvu, au maji ya sabuni, na muwaache wadudu wanaowala wafanye kazi yao. Mkikuta kiwavi mkubwa wa kijani mwenye mabaka mawili ya buluu yanayofanana na macho, huyo ni mtoto wa nondo mzuri sana ambaye hula majani ya oleanda bila kudhurika; kichaka kikubwa kinaweza kumlisha na kuchipua tena. Mkiona vinundu kama uvimbe kwenye matawi, hiyo ni bakteria. Kateni sentimita 15 chini ya uvimbe, na mkasi mwuoshe kwa dawa ya kuulia vijidudu kila baada ya mkato mmoja. Hakuna dawa nyingine ninayoweza kuwapendekezea kwa hilo.

Jambo la tatu ni mkasi, na hili nalipenda kwa dhati kwa sababu ndipo watu wanapoogopa bure. Tarehe 6 Agosti mwaka 1945 bomu la atomiki liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima nchini Japani. Ilivuma kwamba kwa miaka 75 hakuna kitakachoota pale. Oleanda ilikuwa miongoni mwa mimea ya kwanza kuchanua katika mji ule ulioteketea, na mwaka 1973 mji wenyewe uliichagua rasmi kuwa ua lake. Watu wa Hiroshima wanalipa ua hilo heshima kwa sababu zao, ambazo ni nzito kuliko mambo ya bustani, nami sitaki kuzipunguza. Lakini mtunza bustani anapaswa kujua kwamba uwezo ule ni wa kweli, nao uko chini ya ardhi, kwenye kitako cha mizizi. Matawi yote yakipotea, kitako hicho huchipua.

Kwa nini basi tunaogopa kukata? Oleanda huchanua kwenye ncha za matawi mapya. Tawi ambalo halijawahi kukatwa huendelea kurefuka na kubeba maua kidogo kule juu, huku chini pakibaki miti mitupu. Subirini wimbi kubwa la maua lipite, kisha punguzeni thuluthi moja ya urefu, mkikata juu kidogo ya pale majani matatu yanapokutana, kwa kuwa tawi moja mlilolikata hapo huelekea kurudi na machipukizi mawili au matatu. Mkirithi kichaka kizee kilichojiachia, kikateni chote hadi sentimita 30 kutoka ardhini, mkiwa na subira ya msimu mmoja bila maua. Msikate mwishoni kabisa mwa msimu wa joto mahali ambapo baridi kali hufuata, kwa kuwa machipukizi mapya ndiyo yanayoungua kwanza.

Nimefika kwenye jambo la nne, na hapa naomba hata waliokuwa wananong'ona wanisikilize. Oleanda ni sumu. Jani ni sumu, ua ni sumu, tawi ni sumu, mzizi ni sumu, mbegu ni sumu. Jani bichi ni sumu na jani kavu ni sumu. Ndani yake mna kemikali iitwayo oleandrini, ambayo hufanya kazi kwenye msuli wa moyo na kuvuruga mapigo yake. Mtu aliyekula huanza kutapika na kuumwa tumbo, kisha moyo hupiga bila mpangilio, na anaweza kufa.

Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, oleandrini ilivumishwa nchini Marekani kuwa ni tiba, na kampuni iliyotaka kuiuza kama kirutubisho ilikataliwa na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo. Ninakitaja kisa hicho kwa sababu uvumi wa namna hiyo hurudi kila mara, na huja ukiwa umevaa nguo za dawa ya asili. Akija mtu kuwaambia mchemshe majani ya oleanda kwa ugonjwa wowote ule, mwambieni hapana, na muwaambie na wengine.

Lakini ajali nyingi hazianzi na dawa. Zinaanza na usafi. Mtu anapogoa kichaka chake siku ya mapumziko, anafurahi jinsi kilivyopendeza, kisha matawi aliyokata anayatupa nje ya uzio. Mbuzi, ng'ombe, punda au farasi ambaye angelipita jani bichi kwa sababu ya uchungu wake, hukuta majani yaliyonyauka yamechanganyika na nyasi, akayala. Majani machache yanaweza kumwua mnyama mkubwa. Je, mwenye mnyama atajua kilichomwua? Mara nyingi hatajua, na mwenye bustani naye hatajua kamwe kwamba ni yeye.

Kwa hiyo, mkipogoa, vaeni glavu na mikono mirefu, na mlinde macho, kwa kuwa utomvu wake huwasha. Kusanyeni kila jani. Msiyachome moto, kwa sababu hata moshi wake una madhara. Msiyatupe malishoni, wala msiyaweke kwenye chakula cha mifugo. Zikeni mahali pa kina ambapo mnyama hafukui, au muyafunge yaende na taka. Kijiti cha oleanda kisichomekwe kwenye chakula, kisikorogee chungu, kisiingie mdomoni mwa mtoto. Maji ya chombo kilichowekewa maua yake yamwagwe mbali. Na ikitokea mtu amekula, msimlazimishe kutapika. Mpelekeni hospitali mara moja, mkibeba tawi ili daktari aone ni mmea gani. Uko pia mmea unaoitwa oleanda ya manjano, wenye maua yanayofanana na tarumbeta na tunda lenye kokwa gumu. Huo ni mmea mwingine wa ukoo huo huo, na sumu yake ni kali vile vile.

Mama mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: kama ni hivyo, kwa nini tuipande? Swali lake ni la haki, na jibu langu ni kwamba si kila mmoja wetu aipande. Mwenye mtoto anayetambaa, mwenye mbuzi wanaozurura uani, asipande oleanda. Apande plumbago yenye maua ya samawati, au bogenvilia kama hajali miiba. Vyote viwili hubaki na majani pasipo baridi kali, vyote hustahimili ukame, na yote niliyoyasema kuhusu kuufundisha mzizi yanavihusu. Mwenye kiwanja kikubwa, au uzio wa barabarani mbali na malisho, huyo oleanda itamfaa kuliko vichaka vingi ninavyovijua.

Hata huyo, nina ombi moja kwake. Asipande oleanda peke yake kwa urefu wote wa uzio. Huko California, ambako imepandwa kwa wingi sana katikati ya barabara kuu, tangu miaka ya 1990 umeingia ugonjwa wa bakteria iitwayo Xylella fastidiosa, unaoenezwa na wadudu wanaofyonza maji ya mmea. Majani huungua kingo kana kwamba yamekosa maji, mwenye bustani anaongeza maji, na kichaka kinakufa vile vile. Hauna tiba. Palipo na safu ndefu ya mmea mmoja, mdudu hupita toka kichaka hadi kichaka bila kizuizi. Changanyeni. Acheni mita 1.5 hadi 2 kati ya kichaka na kichaka, na katikati wekeni vya koo nyingine.

Mwisho, kuhusu miche. Huna haja ya kununua mingi. Kata tawi lililoanza kukomaa, lenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu mahali penye kivuli chepesi, au hata kwenye chupa ya maji. Mizizi huonekana katika muda wa majuma matatu hadi manne hivi. Lihamishie kwenye kifuko cha udongo, ulikuze hadi mizizi ijaze kifuko, ndipo ulipeleke shambani mwanzoni mwa mvua.

Nimeleta vipandikizi vya rangi nyeupe na waridi. Viko kwenye meza karibu na mlango, vimefungwa kwa karatasi, na kila karatasi imeandikwa neno SUMU kwa herufi kubwa pamoja na maelezo ya kumwagilia kwa mwaka wa kwanza. Tafadhali chukueni glavu kwanza, zimo kwenye boksi la kushoto, na watoto wasitumwe kuvichukua. Waliokuja na maswali kuhusu viwanja vyao nitakaa nao hapa mbele mmoja mmoja. Asanteni sana.